Mlima Wenye Lifti

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alichagua mahali pa kwenda kuteleza kwenye theluji kwa muda wa kumaliza sahani moja ya chipsi. Kidole juu, kidole chini kwenye simu, akatazama nyota za sifa, akabonyeza, mafuta ya chipsi akayapangusia kwenye kochi langu. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, maana hawa Kiswahili wanakisikia tu, kwamba kazi imekwisha.

Imekwisha! Mie kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na tisa na sijaona siku ilipokwisha. Nikamuuliza: hapo mahali pana ukumbi wa kukaa asiyeteleza? Wanamruhusu mtu kuingia na hotipoti lake? Lifti inamchukua aliyevaa viatu vyake vya kawaida, na ikimchukua, inamrudisha? Mtoto akanikodolea macho. Ndipo nikasema hawa vijana lazima niwaandikie. Wakipenda wasome, wasipopenda wasomewe na simu zao.

Mie naitwa Gulshan, Muhindi wa Tanga, na kwenye duka letu la safari kule Agincourt, Toronto, juu ya duka la mboga, kila mtu aliniita Bi Gulu. Wateja wetu walikuwa watu wa kwetu: Waismaili wa Dar na Mombasa, manesi wa Kikenya, Watanzania, Wakongo. Theluji walikuwa hawajaiona mpaka waliposhuka kwenye ndege. Wakishailaani majira mawili ya baridi, wanapanda ngazi zetu kwa haya kidogo na kusema, "Bi Gulu, na sisi tupeleke tukaichezee."

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Rajabali, mwenye duka, Mungu amrehemu. Siku zile hakuna mtandao. Kulikuwa na vitabu vya picha, simu, na faksi iliyokuwa ikitafuna karatasi. Siku yangu ya kwanza alichukua vile vitabu vya picha, akavifungia kwenye droo. "Kila picha humu ina anga la buluu," akaniambia. "Mpiga picha aliingojea siku hiyo majira mazima. Mteja wako ana Jumamosi moja tu. Usimuulize nani anateleza. Muulize nani hatelezi."

Mie sikusikia. Wakaja akina mama kumi na wawili wa Thorncliffe Park, wanataka mahali penye theluji nzuri, nami nikawatafutia theluji nzuri kuliko zote. Loo, ilikuwa nzuri kweli! Lakini jengo la kupumzikia lilikuwa kama kibanda cha mlinzi, na chakula cha nje marufuku. Walikaa ndani ya basi saa sita, wakala biriani na glavu mikononi. Waliporudi, mkubwa wao alipanda ngazi zetu pole pole, akaniambia, "Bi Gulu, theluji tumeiona. Ilikuwa dirishani."

Bwana Rajabali hakunigombeza. Alileta hotipoti tupu la mkewe, akaliweka juu ya meza yangu, na likakaa hapo wiki nzima. Kila nikiinua simu naliona. Tangu hapo nikajua kwamba katika watu kumi wa kwetu waendao kwenye theluji, wawili watateleza, watano watapiga picha, na watatu wamekuja kulinda chakula. Ukimchagulia mahali yule anayeteleza ukawasahau hao wanane, umeharibu safari.

Mengine niliyojifunza nayasema haraka haraka, yashikeni. Msiangalie picha, siku hizi vituo vingi vya kuteleza vina kamera inayoonyesha mlima hivi sasa, itazameni hiyo asubuhi ya safari. Nendeni siku ya kazi, Jumamosi mtateleza migongoni mwa watu. Soksi jozi moja nene yatosha. Mkivaa tatu kiatu kitawabana na baridi ndiyo itazidi. Pigeni simu, jamani. Kuuliza si ujinga. Anayepokea akikujibu kwa kucheka, hapo ni pazuri. Akikujibu kwa kuhema, siku mtu wenu akiteguka mguu atahema hivyo hivyo.

Na hili la almasi. Kwenye ramani ya mlima, njia nyepesi ina duara la kijani, ya kati mraba wa buluu, na ile kali almasi nyeusi. Sasa mpe mtu wa kwetu achague! Duara la kijani anaona la watoto wa chekechea. Mraba wa buluu, ah, hauna heshima. Akiona almasi anasema nami leo nijipe raha, nimelipia. Wanangu, almasi pale si daraja la kwanza. Ni ukuta wenye theluji. Nimemwambia hivyo kila mteja katika miaka ishirini na tisa, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye nataka kuwasimulia.

Ilikuwa majira yangu ya mwisho ya baridi kazini. Aliingia kijana wa Kikenya, Wycliffe, fundi wa kompyuta, mwaka wa nne hapa, pamoja na mchumba wake Aikande, nesi wa Kitanzania anayekaa St. James Town. Binti alikuwa amenuna. Kijana ametoka jasho, na nje kipimajoto kiko chini ya sifuri.

"Mwambie Bi Gulu ulivyomwambia baba," Aikande akasema.

Nikasimuliwa. Baba yake Aikande ni Mwalimu Ndosi, mwalimu mkuu mstaafu wa Marangu, pale miguuni pa Kilimanjaro. Posa ilikuwa imepelekwa, jibu bado. Basi siku moja mzee akapiga simu ya video amjue kijana, akamuuliza swali la kawaida tu: mwisho wa wiki huwa unafanya nini? Na Wycliffe, kwa kutaka kuonekana amekuwa mtu wa Kanada, akajibu, "Mimi wikendi huwa nateleza, mzee."

Mzee akasogeza uso kwenye simu. "Unateleza?"

"Sana. Na marafiki zangu. Hata Aikande nimemwambia atakuja tuteleze pamoja."

Simu ikakatwa Marangu. Astaghafirullah, mie nilicheka mpaka nikashika meza! Ilimchukua Aikande siku mbili kumweleza baba yake kwamba kule baridi kuteleza ni mchezo, watu wanalipia, na wenye watoto wanapeleka watoto. Mzee akakubali kwa shingo upande. Februari alikuwa anakuja Toronto kuwaona watu wa huyo kijana, basi akasema atamwona anavyoteleza kwa macho yake mwenyewe, ndipo atajibu posa. Na mzee huyo akikataa amekataa. Dada yake Aikande alikataliwa mchumba, mpaka leo hajaolewa.

Aikande alipotoka kupokea simu, Wycliffe akaniinamia. "Anti Gulu," akanong'ona, "shida ni moja. Mimi sijawahi ski hata siku moja. Nilikuwa tu nabonga, maneno matupu."

Hapo ndipo utaona kazi ya wakala. Kituo kikubwa chenye mlima mrefu nilikikataa mara moja. Kwa nini? Mtu aliyezaliwa Kilimanjaro humtishi kwa mlima. Chochote utakachomwonyesha Ontario kwake ni kichuguu. Nikatafuta penye walimu wapole, duara la kijani refu, ukumbi wenye moto, hotipoti ruhusa, na lifti ya viti inayowapandisha hata wazee wenye viatu vyao vya kawaida wakanywe chai juu na kurudi. Nilipiga simu saba. Kwenye ya saba, kituo kimoja kaskazini, mwendo wa saa mbili, mama aliyepokea aliposikia nauliza habari za pilau alicheka akaniambia nimbakizie. Nikasema hapa hapa.

Nikaandika ratiba kwa Kiswahili, maana mzee ni mzee. Basi dogo, saa moja asubuhi. Pilau, mama yake Wycliffe. Mwalimu wa kuteleza wa Aikande, saa nne. Na chini kabisa nikaandika kwa mkono wangu: "Lifti: kila mtu atanunua tiketi yake."

Mnaona kosa? Mie sikuliona. Miaka yote ile nazungumza na vituo, neno lile lilikwisha badilika kichwani mwangu.

Siku mbili kabla ya safari Wycliffe akapiga simu. "Anti, nimeisha. Mzee amesema haji, na jibu la posa ni hapana. Anasema hawezi kumpa binti yake mtu anayeuza lifti."

Yailahi! Kwetu lifti ni nini? Ni hisani. Unasimama njiani, mwenye gari anakuona, anakupakia, unashuka unasema ahsante, basi. Hata bahili halipishi lifti. Na mie nimemwandikia baba mtu, mgeni, mkwe mtarajiwa, kwamba akipanda gari la watu wa kijana akate tiketi!

Kosa langu, miguu yangu. Nikaenda St. James Town kwa Aikande. Lifti ya jengo ilikuwa mbovu, nikapanda ghorofa tisa, na goti langu la kulia hili. Mlango ukafunguliwa na mzee mwembamba mwenye sweta na tai. Kabla sijapata pumzi akanikabidhi ratiba yangu. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Koma tatu zimeongezwa, na kwenye mstari wa lifti ameandika: "Haikubaliki."

"Mwalimu," nikasema nikihema, "lifti hiyo si lifti ya gari."

"Lifti ya nini, basi?"

"Ya kupanda juu. Kama ya humu ndani."

Akanitazama. Akaitazama ngazi niliyopanda. "Kule mlimani kuna ghorofa?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni ya mlima wenyewe. Ni viti. Unakaa, vinakupandisha kileleni."

Sijapata kumwona mtu akisikitika vile. "Mlima una lifti," akasema pole pole. "Babu yangu alikuwa mpagazi, amebeba mizigo ya Wazungu mpaka kwenye theluji, kwa miguu. Na hawa mlima wameutilia lifti. Kisha mtu akifika juu anafanya nini?"

"Anateleza, anarudi chini."

"Halafu?"

"Anapanda tena."

Akakaa kitini. Aikande alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, machozi yanamlenga, na mie moyo wangu ukaniuma kwelikweli, kwa sababu mtoto yule hakukosa kitu. Kosa ni neno langu moja. Nikamwambia mzee, "Mwalimu, mie ndiye niliyekosea. Njoo uone tu. Lifti hiyo nitapanda na wewe mwenyewe." Akafikiri sana, akairudia ile ratiba, akakata lile neno lake jekundu, akaandika juu yake: "Nitaona."

Basi tukaenda. Tulipofika, mzee akashuka, akaupima mlima kwa macho, akasema, "Hiki ndicho chenyewe? Kwetu hapa pangekuwa shamba la migomba." Mama Wycliffe, mjane mnene mwenye sauti ya kwaya, aliambiwa mahotipoti yote yako salama ukumbini, ndipo akakubali kuachana nayo. Vijana wakaenda kwa mwalimu wa kuteleza. Saa sita na ushee, tumeshaota moto ukumbini, nikamchukua mzee na Mama Wycliffe, tukakaa watatu kwenye kiti cha lifti, mie katikati, chuma cha kujikingia kimeshushwa mapajani, tukapaa.

Kumbe kule chini Wycliffe alikuwa amemaliza somo la saa mbili, ameteleza mara tatu kwenye duara la kijani bila kuanguka, na kichwa kimevimba. Akachukua ramani atafute mahali ambapo baba mkwe akipita juu atamwona vizuri. Akaona almasi. Na mie, kwa shughuli ile ya lifti, nilisahau kumwambia! Wakatangulia kupanda, yeye na Aikande, aliyemfuata kwa sababu hakutaka kumwacha afe peke yake.

Sisi tulikuwa tumefika nusu ya njia, juu ya ile almasi yenyewe, lifti ikasimama. Lifti hizo husimama kila mara, mtu akianguka pale pa kushukia wanaizima, dakika chache inaendelea. Hilo nalijua mie. Mama Wycliffe hakulijua.

"Wooi! Hii kitu imekufa! Yesu, mimi na hizi miaka zangu!" Akafumba macho, akakishika kile chuma kwa mikono yote miwili, akaanza kuomba kwa sauti ya kufika mji wa Barrie. "Baba Mungu, nishushe salama! Kama ni dhambi, natubu! Kama ni ile uongo ya mtoto, natubu pia! Ni kweli Wycliffe hajawahi kuteleza, Baba, hajawahi hata siku moja, alidanganya mzee wa watu, na mimi nilijua nikanyamaza!"

Nikamfinya. Haikusaidia. Alikuwa ameshasema mpaka amina.

Mwalimu Ndosi akageuza shingo pole pole. "Hajawahi?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nifanye nini, niruke? Nikasema, "Hajawahi, Mwalimu. Na mie nilijua."

Mzee akarudisha macho mlimani. Tunaning'inia pale, upepo unatupitia, na mie nawaza: haya, posa ndiyo imekufa hewani, na muuaji ni mie, kwanza kwa ratiba, pili kwa ulimi wa huyu mama. Miaka ishirini na tisa, na mtu wa mwisho ninayempeleka kwenye theluji namvunjia ndoa. Nilitaka kulia, wallahi, ila machozi yangeganda.

Mara tukasikia kelele juu. Wycliffe huyo, ametokeza kwenye almasi, mikono kama anafukuza nyuki. Akaanguka. Akainuka, akaanguka. Akaona heri akae, akateremka kwa makalio, akapita chini ya viti vyetu, akamwona baba mkwe, akainua kidole gumba. "Salama, mzee!" Akaendelea kuteremka mpaka akazuiwa na wavu wa usalama wa chini.

Nyuma yake akaja Aikande, naye hakufika mbali. Alianguka vibaya kule juu, skii yake moja, ule ubao wa kutelezea, ikachomoka, ikateremka peke yake ikampita Wycliffe na kukwama wavuni. Binti akabaki amekaa, mguu mmoja una skii, mmoja hauna, kushuka hawezi, kusimama hawezi. "Baba!" akaita. Mzee akakishika chuma, akataka kukiinua, nikamzuia kwa nguvu zangu zote. Baba mtu, mtoto wake yuko pale, na yeye ananing'inia miguu haigusi kitu. Uso wake sitausahau.

Wycliffe akatazama juu. Akavua skii zake mwenyewe, akazichomeka kwenye theluji. Akaichukua ile ya Aikande, akaing'ata kamba yake kwa meno, akaanza kuupanda ule ukuta kwa mikono na magoti. Viatu vile vya kuteleza ni vizito na havipindi. Hatua mbili juu, moja anarudi. Akiporomoka, anaanza tena. Watu wanampita wakishuka, mmoja akamwashiria angoje waokoaji, akatikisa kichwa. Kofia ilimtoka, hakuifuata. Mama Wycliffe alikuwa bado amefumba macho, sasa anatubu mambo ya mwaka wa kwanza wa ndoa yake, hata hatukumsikiliza.

Akamfikia. Akamfuta theluji usoni, akamvalisha skii, halafu wote wawili wakakaa pale wakaanza kucheka kama wehu.

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Mama Gulu," akasema, "tangu asubuhi nimeona watu mamia kwenye mlima huu. Wote wanapandishwa, wanateleza. Huyo ndiye wa kwanza niliyemwona akipanda."

Nikamtazama. 

"Lakini uongo ni uongo," akaendelea, na sauti sasa ilikuwa ya mwalimu mkuu kabisa. "Waambieni wenye lifti waiwashe. Mkwe wangu nitamwadhibu mwenyewe, asije akamalizwa na baridi."

Mama Wycliffe akafumbua jicho moja. "Umemwita nani?"

"Mkwe."

Akakiachia kile chuma, akainua uso, akapiga vigelegele mlima mzima ukageuka. Na kutoka kiti cha tatu nyuma yetu, mama mmoja ambaye mpaka leo sijui ni nani wala wa wapi, akavipokea.